Jedwali la mwezi, kistari kwenye safu ya kuchomoza na zile dakika 50

Swali: Ninaishi kisiwani na kila mwezi hupakua jedwali la saa za kuchomoza na kutua kwa mwezi. Safari hii kuna tarehe moja ambayo kwenye safu ya kuchomoza wameweka kistari tu, bila saa yoyote. Isitoshe, siku moja baada ya mwezi mpevu niliuona mwezi ukitokeza nyuma ya kilima dakika 25 baada ya saa iliyoandikwa. Jirani yangu anasema jedwali hilo ni bovu, na kwamba inatosha kujua saa ya siku moja kisha kuongeza dakika 50 kila siku. Je, nimfuate?

Jibu: Ndugu msomaji, jedwali lako ni zima. Kati ya kuchomoza kumoja na kunakofuata hupita wastani wa saa 24 na dakika 50, ilhali tarehe ina saa 24 tu, nazo huhesabiwa kuanzia saa sita usiku. Mwezi uliochomoza saa 5:40 usiku wa tarehe 14 utachomoza tena mnamo saa 6:30 usiku, wakati kalenda imekwisha kuingia tarehe 16, na hivyo tarehe 15 imepita katikati bila kuchomoza kokote. Hali hiyo hutokea karibu na robo ya mwisho, kwa kuwa ndipo mwezi unapochomoza mnamo saa sita usiku. Ukiangalia safu ya kutua utakuta kistari cha namna hiyo hiyo karibu na robo ya kwanza.

Kuhusu kilima, saa za jedwali hukokotolewa kwa mtu anayetazama upeo wa bahari usio na kizuizi, na huonyesha wakati ambapo ukingo wa juu wa mwezi unaufikia upeo huo. Dunia hugeuka digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo kilima kilichoinuka digrii 6 juu ya upeo kitakuchelewesha dakika 24 au zaidi kidogo ukiwa karibu na ikweta, na zaidi ya hapo ukiwa mbali nayo, ambako mwezi hupanda kwa mshazari. Nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha uiweke juu ya mstari wa bahari: upana wa ngumi ni kama digrii 10. Kilima chako, nadhani, kinafika nusu ya ngumi na zaidi kidogo.

Sasa nije kwenye dakika 50, maana swali hili hunijia mara kwa mara, na subira yangu kwa wanaolieneza jibu hilo imepungua. Dakika 50 ni wastani wa mwezi mzima, na siku ambazo zinaufuata wastani huo barabara ni chache. Mwezi husogea kuelekea mashariki kama digrii 13 kwa siku kati ya nyota, lakini mwendo huo haulingani siku zote, kwa sababu umbali wake kutoka duniani hubadilika kati ya kilomita 357,000 na 406,000 hivi, na unapokuwa karibu huenda kasi zaidi. Jambo lililo zito zaidi ni pembe ambayo njia ya mwezi huikata upeo wa macho. Karibu na ikweta pembe hiyo haibadiliki sana, hivyo kuchelewa kwa siku huwa takribani kati ya dakika 40 na saa moja. Lakini katika visiwa vya Shetland, vilivyo kwenye digrii 60 kaskazini, mwezi mpevu wa Septemba unaweza kuchelewa chini ya dakika 20 kutoka jioni moja hadi nyingine, na ule wa Machi ukachelewa zaidi ya saa moja na robo. Hata huko karibu na ikweta, anayekosea dakika 8 kila siku kwa wiki moja amekosea karibu saa nzima.

Pamoja na hayo, wapo wanaochukua saa ya siku moja, wakajumlisha 50 mara 29, kisha wakaisambaza kalenda hiyo kwa simu kana kwamba inafaa visiwa vyote. Visiwa viwili vinavyotumia saa moja lakini vimeachana digrii 5 mashariki kwa magharibi tayari vinatofautiana kama dakika 20. Kilicho kimoja kwa wote ni awamu: mwezi hufikia upevu wake kwa wakati mmoja duniani kote, na kinachotofautiana ni saa ya ukutani tu. Hata awamu nazo hazifuati hesabu ya siku kamili, kwani mzunguko mmoja huchukua wastani wa siku 29.53 na hucheza kati ya 29.3 na 29.8.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba kalenda hizo huongezewa pembeni maneno kuwa mwezi ukichomoza maji yanajaa. Huenda ikawa hivyo katika bandari moja, kwa sababu kila pwani ina muda wake kati ya mwezi kupita juu na maji kujaa, muda unaotegemea kina cha bahari na umbo la ufuo, na pande mbili za kisiwa kimoja zinaweza kutofautiana. Bamvua nalo, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, mara nyingi hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku hizo maji hupwa mbali sana, fungu la mchanga likaonekana salama kabisa kwa kutembea, kisha maji yale yale hurudi kwa muda wa saa sita hivi, na kwa kawaida kasi yao huwa kubwa zaidi katika saa ya tatu na ya nne. Aliyevuka kwa kutegemea kalenda ya dakika 50 anaweza kujikuta upande wa pili wakati mkondo umekwisha kujaa.

Kwa hiyo tumia jedwali la mwezi kwa kuutazama mwezi tu, na ukitaka kwenda funguni tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe, lililotolewa na mamlaka inayopima maji hapo, kisha waulize wavuvi upande wenu hutofautiana na bandari hiyo kwa dakika ngapi.