Besi lina matope: nimuongezee skeli?

Swali: Assalamu alaikum. Nafundisha vijana muziki hapa Wete. Mmoja anapiga gitaa la besi na noti anazijua zote, lakini akiingia na ngoma wimbo unajaa matope. Nimepunguza besi kwenye amplifaya, hali ni ile ile. Nimuongezee mazoezi ya skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya noti?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwalimu mwenzangu. Skeli ziache kwanza. Kwa ulivyoeleza, kijana anajua pa kuanzia noti, hajafundishwa pa kuikatia.

Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo haifi upesi. Akihamia uzi wa A huku E bado unavuma, sauti zinaparamiana, na sikio linapata mngurumo mtupu. Amplifaya haina dawa ya hilo.

Mtazame mikono. Gumba la kulia lisigande mahali pamoja: akipiga A lilale juu ya E, akipiga D lishuke likae juu ya A, ubavu wake ukiendelea kuuzima E. Mkono wa kushoto, kidole kisiruke mbali baada ya noti. Akilegeze tu, kibaki kimeugusa uzi, na sauti itakatika. Wiki nzima ya kwanza mimi sifundishi kingine ila kulegeza huko.

Kisha metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 60 kwa dakika, noti moja tu. Aishike pigo zima, halafu nusu, halafu robo, na kila mara aanze kwa mdomo: "duuu", "duu", "du". Nasisitiza mdomo, kwa sababu vidole vina tabia ya kwenda na mazoea, na mdomo ndio unaoonyesha kama urefu wa noti amekwisha kuusikia.

Na sanduku la kidumbak, lile besi la muziki wetu wa Zanzibar, mnalijua. Uzi mmoja na fimbo, sauti inatoka na kufa hapo hapo, na nafasi inayobaki ndiyo inayojazwa na ngoma za dumbak. Kata kipande cha sponji, kipachike chini ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, na besi litaanza kusema kama sanduku. Nilimfanyia hivyo mwanafunzi wangu mmoja pale Mjini. Alipiga duru mbili, akasimama, akasema: "Mwalimu, kumbe ngoma inabadilisha mkono hapa!" Miezi yote ile alikuwa akiifunika.

Mkono ukishatulia, mrudishe kwenye skeli, na kama mnapiga taarab kuna jambo la kuangalia. Bayati, mojawapo ya makamu (skeli za Kiarabu), ikianzia D noti yake ya pili iko kati ya E bemoli (E iliyoshushwa nusu hatua) na E. Besi la kusimama halina freti, vile vyuma vya shingoni vinavyogawa noti, kwa hiyo linaifikia; gitaa lenye freti haliipati, na akilazimisha atamkwaza mwimbaji. Akae kwenye D, G na A, ile ya pili awaachie fidla na sauti.

Sponji itoe baada ya wiki mbili. Matope yakirudi, irudishe, nawe uangalie upya gumba.