Fundi saa anajibu: kile kizimba kinachozunguka

Wiki mbili hizi karibu kila ujumbe unaonifikia ni wa turubiyoni. Nadhani kuna video imepita mahali. Haya, leo tumalizane nayo.

Shikamoo fundi. Hiyo turubiyoni ni kitu gani hasa? (Tanga)

Marahaba. Neno ni la Kifaransa, maana yake kisulisuli. Kila saa ya kutia ufunguo ina gurudumu dogo linaloyumba kwenda na kurudi, likirudishwa kila mara na kamani nyembamba kama unywele. Hilo ndilo linalopima muda. Ule mlio unaousikia ukiweka saa sikioni ni nanga ndogo inayokamata na kuachia meno ya gurudumu la jirani, kwa saa nyingi za leo mara nane kila sekunde. Katika saa ya kawaida, vitu hivyo vimefungwa mahali pamoja na havihami. Kwenye turubiyoni vyote vimetiwa ndani ya kizimba, na kizimba chenyewe kinazunguka, aghalabu mara moja kwa dakika. Ndiyo maana wengine hukitumia badala ya mshale wa sekunde.

Je, inaifanya saa iende sawasawa zaidi? (Mombasa)

Inategemea saa inakaa wapi. Aliyeibuni ni Abraham-Louis Breguet, fundi saa mzaliwa wa Neuchâtel, iliyo Uswisi leo, aliyefanya kazi Paris, na hataza yake aliipata Juni 1801. Siku hizo saa ilitiwa mfuko wa kizibao, ikasimama wima kutwa nzima, kichwa juu. Sasa, gurudumu likizidi uzito upande mmoja, hata kwa kiasi cha chembe ya vumbi, mvuto wa dunia unapata pa kushikia. Ukiisimamisha saa hivi inawahi, ukiigeuza juu chini inachelewa. Breguet hakuliondoa kosa hilo, alilizungusha. Ndani ya dakika moja kizimba kinapita mikao yote ya wima, iliyowahi huku ikachelewa kule, na hesabu zikafutana. Ni akili kubwa, na mimi kila nikiitazama navua kofia.

Lakini wewe saa yako iko mkononi. Mkono unapanda, unashuka, unashika usukani, unaegemea meza, unakuna kichwa. Kazi ya kuzungusha unaifanya mwenyewe, bure. Na saa ikilala chali, kizimba hakisaidii kitu, kwa sababu kinazunguka bila kuubadilisha mkao wa gurudumu mbele ya mvuto. Kuna waliotengeneza vizimba vya mihimili miwili na mitatu ili kulitibu hilo. Mimi hapo naona tumeingia kwenye sarakasi.

Isitoshe, maradhi mengine ya zama za Breguet yamepata dawa. Mafuta ya wakati ule yaliganda haraka; ya leo ya kiwandani yanadumu miaka. Kamani zilibadilika kwa joto na baridi, mpaka Charles-Édouard Guillaume akapata aloi, yaani metali za mchanganyiko, ambazo hazijali sana joto. Kazi yake ya aloi ilimpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Sitaki kuidhulumu turubiyoni, ina siku zake. Mwaka 1947 Omega walitengeneza mashine 12 za saa za mkono zenye turubiyoni, kwa ajili ya mashindano ya usahihi katika vituo vya kutazamia nyota, ambako saa iliachwa katika mkao mmoja kwa siku kadhaa. Pale kizimba kilikuwa na kazi ya kufanya. Hata mwaka 2009, katika mashindano ya mji wa Le Locle, Uswisi, iliyoshinda ilikuwa turubiyoni ya Jaeger-LeCoultre. Ila mtu anayepeleka saa mashindanoni hukesha akiirekebisha. Mpe saa ya kawaida aikeshee vilevile, uone.

Nimenunua saa mtandaoni kwa shilingi 85,000, usoni imeandikwa "Tourbillon". Rafiki yangu ananicheka. (Dar es Salaam)

Ana haki ya kucheka, ila asizidishe. Kwa bei hiyo, uliyonayo karibu hakika ni saa iliyotobolewa uso ili gurudumu lionekane likiyumba. Inapendeza, lakini gurudumu halihami pale lilipo.

Mteja mmoja alinijia na ya namna hiyo akiwa na uhakika wote duniani, kwa kuwa kwake kitu kilikuwa kinazunguka kweli. Nikampa lenzi. Nikamwambia achague skrubu moja kwenye fremu inayozunguka, aisubiri ifike juu kwenye 12, kisha ahesabu. Baada ya sekunde 15 ilikuwa kwenye 3, sekunde 30 kwenye 6. Akatabasamu. Nikamwambia sasa tazama gurudumu linaloyumba, linakwenda pamoja na fremu? Kimya. Lilikuwa limetulia palepale chini, na juu yake inapita kipande cha bati kilichokatwa mfano wa kizimba, kimepachikwa kwenye mhimili wa sekunde kama mshale wowote. Lenzi akairudisha taratibu.

Kwa hiyo fremu kuzunguka hakutoshi. Gurudumu, kamani yake na nanga lazima visafiri pamoja nayo. Maandishi ya usoni hayana gharama kuyachapa.

Kwa nini nyingine ni bei ya nyumba na za Wachina ni bei ya simu? (Nakuru)

Kizimba kina vipande vingi, na kwa kawaida chote hakifiki gramu moja. Kwenye zile za Uswisi za bei ya juu, kila ukingo husuguliwa kwa mkono hadi ung'ae, na hizo ni siku za fundi unazozilipia. Wachina, Sea-Gull wa Tianjin miongoni mwao, wanatengeneza turubiyoni za kweli kwa mashine, kwa wingi, bila usuguaji huo. Zinafanya kazi. Waswisi nao walitikiswa: mwaka 2016 TAG Heuer walitoa ya faranga 15,000 hivi, na wenzao wakanuna.

Assalamu alaikum. Niko kwenye ujenzi, naweza kuivaa kazini? (Muscat)

Waalaikumu salamu. Ndugu yangu, hapana. Nyundo na kizimba haviivani. Na ikiharibika, tafuta kwanza fundi wa kuifungua ndipo uulize bei.

Kaka anasema saa yake ya betri inaishinda. (Bujumbura)

Inaishinda, tena mbali. Ndani mna kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde; saa ya kawaida ya aina hiyo hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya ufunguo inayopewa cheti cha usahihi Uswisi inaruhusiwa kuwahi hadi sekunde 6 kwa siku. Na zote mbili bado zitaonyesha saba wakati wewe unasema saa moja.

Saa ya marehemu baba, ya kutia ufunguo, imeanza kuwahi dakika kumi kwa siku. Niiuze ninunue yenye turubiyoni? (Morogoro)

Mama, usiiuze. Kuwahi kwa ghafla kiasi hicho mara nyingi ni sumaku: mikunjo ya ile kamani ya unywele inashikana, inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linakwenda mbio. Weka dira ndogo karibu na saa. Sindano ikicheza, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku; ni kazi ya dakika moja mbele ya macho yako. Isipocheza, mwambie aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya. Na usiku usiilaze juu ya spika.