Jibu: Nianze na dokumentari gani?

Shekhe wangu wa Wete, umeuliza uanze na dokumentari gani za vita na maisha ya watu, na kama ipo yoyote ya kwetu.

Ya kwetu ipo, tena nzuri: As Old As My Tongue ya mwaka 2006, ya Andy Jones, kuhusu Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa taarab. Tafuta hiyo kwanza. Utamuona bibi mwenyewe, sigara mkononi, ngoma kiunoni, anasema analotaka. Alifariki Aprili 2013, kwa hiyo hazina kama ile haitengenezwi tena.

Watu watakutajia na Africa Addio ya 1966, ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi. Ina picha za Unguja ya Januari 1964, wakati wa Mapinduzi, zilizopigwa kutoka angani. Ni nzito, watoto wasikae. Na msimulizi anamdharau Mwafrika mwanzo mwisho. Mie huzima sauti nikaangalia picha tu.

Kwa vita vya dunia, The World at War, ya Uingereza, 1973. Vipindi 26, usijilazimishe vyote, bando lenyewe hili! Cha kwanza lakini usikikose: kinafungua na Oradour-sur-Glane, kijiji cha Ufaransa ambacho askari wa Kijerumani waliua watu zaidi ya 600 kwa siku moja, Juni 1944. Majumba yamebaki kuta tu, hayana mapaa. Mbele huko anazungumza hata Traudl Junge, karani wa Hitler.

Ukivuka kuja mjini Unguja wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, pita Ngome Kongwe jioni. Dokumentari hazikosekani.