Mahindi haya yamefikaje hapa? Kwa wanaoanza kudodosa shule za Tanga

Wewe unayeanza kuzunguka na dodoso la chakula cha shule na bustani, nataka tuanze na neno moja lililonipotezea kazi ya wiki nzima: kununua.

Madodoso mengi ya namna hii yana asili ya mbali. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifanya sensa yake ya kwanza ya jambo hili 2013, ikairudia 2015, 2019 na 2023. Iliwauliza wasimamizi wa chakula cha shule wananunua nini kwa wakulima wa karibu, na kama shule zao zina bustani za mazao ya kuliwa. Kule yupo msimamizi mwenye bajeti na risiti, maana mpango wao wa taifa wa chakula cha mchana shuleni una sheria tangu 1946. Sasa chukua maswali yale, yafasiri, yapeleke shule ya msingi ya kutwa kijijini Mkinga. Mwalimu mkuu ukimuuliza kama wananunua chakula kwa wakulima wa hapo atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Shule hainunui. Mzazi ndiye analeta debe la mahindi na maharage kidogo, au anatoa hela ya kusagia na ya mpishi, kadiri walivyokubaliana kwenye mkutano wao. Mahindi yote yaliyomo stoo yamelimwa mahali unapofika kwa miguu. Lakini karatasi yako itasema shule ile haitumii chakula cha wakulima wa karibu, wakati watoto hawali kingine.

Mzunguko wangu wa kwanza nilirudi na rundo la "hapana" za aina hiyo, na ilibidi tuanze upya. Tangu hapo siulizi kwanza habari ya kununua. Nauliza: siku ya mwisho watoto walipokula hapa shuleni, walikula nini? Wakisema makande, nakwenda na kimoja kimoja: mahindi yalifikaje, maharage yalifikaje, chumvi, mafuta, nazi, kuni. Mtu anakumbuka chungu cha juzi vizuri kuliko anavyoweza kukadiria mwaka mzima, na hana sababu ya kukupambia majibu.

Hapo pana jambo la kushika kwa uangalifu. Elimumsingi haina ada tangu Januari 2016, ila chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki juu ya wazazi na jamii, kwa hiari na makubaliano yao. Kwa hiyo neno "mchango" linamkaza mwalimu. Ukimwuliza "Wazazi mnawachangisha kiasi gani?" umekaa mbele yake kama mkaguzi, na majibu yote yatakayofuata yatakuwa ya kujikinga. Mwambie mapema majibu yanakwenda wapi na kwamba jina la shule halitatajwa, kisha uliza wazazi walikubaliana nini kwenye mkutano wao. Muhtasari wa mkutano huwa upo kwenye faili la kamati ya shule. Mara nyingi ataunyanyua mwenyewe akuoneshe.

Neno la pili gumu ni "hapa hapa". Sensa ya Marekani iliwaachia wahojiwa waseme wenyewe wanahesabu karibu ni wapi: wilaya, jimbo au eneo pana zaidi. Brazili walishika njia nyingine; sheria yao ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wa familia, yaani waliangalia nani anauza. Kwetu lazima uchague kabla hujatoka ofisini. Shule ya mjini Tanga inanunua kabichi sokoni Mgandini kwa mama ambaye ni jirani wa shule, lakini kabichi yenyewe imeshuka na lori kutoka Lushoto. Je, hiyo ni ya hapa? Muuzaji wa hapa, shamba la mkoa huu huu, wilaya nyingine. Mimi natenganisha maswali matatu: aliyeuza anaishi wapi, kililimwa wapi, na mhojiwa amejuaje. Hilo la tatu usiliache. Mahindi ya dukani Muheza yanaweza kuwa yametoka Handeni, Kilindi au nje ya mkoa kabisa, na mwalimu anaweza kuwa anakisia tu. Kisio liandikwe kama kisio.

Ukishamaliza na mwalimu mkuu, omba ruhusa uende stoo, kisha jikoni. Usiende jikoni na kishikwambi mkononi. Nenda, amkia, kaa. Shule moja niliyofika mwezi wa Mei, daftari la stoo lilionesha mahindi ya wazazi toka Januari mpaka siku ile. Jikoni nikamkuta mama mpishi anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu kwenye moshi wetu."

Nikayasifu mahindi. Akacheka, akanimiminia kiganjani. "Haya yamebunguliwa, tazama. Ya wazazi yaliisha mwezi wa tatu. Haya tunakopa dukani mpaka watu wavune."

Hakuna aliyenidanganya. Daftari lilikuwa na safu ya "yaliyopokelewa" tu, na aliyelijaza aliendelea kunakili kama kawaida. Lakini bila yule mama nisingejua kwamba shule ile ina miezi yake ya njaa, na kwamba katika miezi hiyo ndiyo inanunua. Swali la ununuzi lilikuwa na jibu; lilikuwa na jibu la Machi mpaka Juni.

Kwa hiyo mwezi unaokwenda unabadilisha matokeo. Agosti, baada ya mavuno ya masika, stoo nyingi zina kitu lakini bustani zisizo na maji zimekauka. Aprili mboga zimestawi na stoo zinapungua, na barabara zinakugomea. Kwenye dodoso langu naweka kalenda ya miezi kumi na miwili: kila mwezi, chakula kilikuwepo au hakikuwepo, na kilitoka wapi. Inachukua muda. Ichukue. Septemba mapema waache walimu na mtihani wa darasa la saba, na wiki za kwanza za Januari waache na uandikishaji.

Vipimo navyo: gunia si kipimo mpaka umeliona. Kuna gunia la debe sita na kuna lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, na yote yanaandikwa "gunia 1". Uliza kwa debe, na ukiweza beba mizani ndogo ya kuning'iniza.

Bustani sasa. Swali la "Mna bustani?" linakupa ndiyo karibu kila mahali, kwa kuwa elimu ya kujitegemea imo shuleni tangu 1967 na hakuna mwalimu anayependa kuonekana hana. Omba mwende muione pamoja. Na uliza hivi: likizo ya Juni nani alimwagilia? Shule yenye bustani hai itakutajia mtu, mlinzi, au zamu za watoto wanaokaa karibu, au kamati. Shule ambayo bustani yake ni ya muhula wa mvua tu itanyamaza kidogo, na hilo nalo ni jibu la heshima. Andika tatizo lake, maji au mbuzi au uzio.

Ukiwa Muheza usitafute matuta ya mchicha peke yake. Nilikuta shule ambayo dodoso liliihesabu haina bustani, wakati ina michungwa nyuma ya madarasa, wanauza machungwa na kununulia sukari ya uji. Pangani utakuta minazi. Ongeza miti ya matunda, ongeza shamba la shule, na uulize mazao yanaliwa na watoto au yanauzwa, na hela inakwenda wapi.

Barua za utambulisho zianze mapema: mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu, kisha afisa elimu kata, ambaye ndiye atakayekuunganisha na walimu kwa simu. Kwa shule za ng'ambo ya mto Pangani, ulizia kivuko kabla ya kuahidi saa.

Halafu rudisha. Mimi naichora ile kalenda ya miezi kumi na miwili kwenye karatasi kubwa na kuipeleka shuleni. Ile shule ya mahindi yaliyobunguliwa waliibandika ofisini, na kwenye mkutano uliofuata wazazi wenyewe ndio walioulizana wakati wa mavuno waongeze debe ngapi ili Machi isiwakute stoo tupu.