Vifaa vya kubeba kwa pikipiki kutoka Mwanza hadi Bukoba

Ndugu, umeuliza ubebe vifaa gani kwa safari ya pikipiki kwenda Bukoba kupitia Geita na Biharamulo. Anza na tairi, kwa kuwa pancha ndiyo inayosimamisha wasafiri wengi: beba tyubu ya mbele na ya nyuma kwa saizi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, gundi mpya na pampu ndogo. Spana namba 8, 10, 12 na 14 hufungua sehemu kubwa ya pikipiki zetu, lakini nati ya ekseli ya nyuma huhitaji kubwa zaidi, nayo ndiyo husahaulika. Kwa hiyo, kabla hujaondoka, fungua gurudumu la nyuma hapo nyumbani ukitumia vifaa hivyo ulivyofungasha peke yake; kitakachokosekana utakinunua mjini, si baada ya kuvuka daraja la Kigongo–Busisi.

Waya wa klachi wa akiba usiukunje mfukoni, bali ulaze sambamba na ule unaotumika na uufunge kwa tepu, ili ukikatika uhamishe ncha tu. Ongeza plagi na spana yake, fyuzi, plaizi, bisibisi, tochi na kiungio cha cheni, yaani pingili ya kuunganishia cheni inayoshikwa na klipu ndogo. Unapokifunga, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokimbilia, la sivyo klipu inaweza kuchomoka njiani.