Besi isiyo na jina: inunueni au muiache?

Ndugu wa Mwanjelwa, umesema kwaya yenu inauziwa besi (gitaa la sauti nzito) kuukuu isiyo na jina la kampuni, yenye umbo la Precision, besi ya kampuni ya Fender, na bamba la nyuma linasema imetengenezwa Japani. Unaogopa kutapeliwa kwa kuuziwa nakala. Kuwa nakala si kasoro. Precision yenyewe ilitoka Marekani mwaka 1951, na kufikia miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikuwa vikiiiga kwa ustadi. Mimi napiga nakala kama hiyo kanisani hapa Iringa, na naipenda mno.

Kagueni shingo kwanza. Itazame kwa jicho moja kuanzia kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Halafu pima uzi: kutoka mwisho wa shingo unapoanzia kichwa hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye shingo), kisha kutoka hapo hadi daraja, yaani pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa besi. Vipimo vikikaribiana, noti zitakaa sawa. Pigeni kila freti. Sauti ya mkwaruzo mnapozungusha vitufe mara nyingi ni vumbi tu, isiwatishe.

Shingo ikipinda kidogo, mpelekee fundi wa magitaa. Msikaze wenyewe chuma cha ndani ya shingo kinachoinyoosha, kikikatika mtajuta. Ikiwa imejisokota, iacheni.