Mkoba nyuma ya mlango: niliyojifunza siku mlima ulipowaka juu ya chuo chetu

Jumapili ile, tarehe 18 Aprili 2021, nilikuwa nimerudi kulala baada ya daku. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, nami nikisoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Cape Town. Kilichoniamsha ni harufu. Nilidhani kuna mtu kaunguza mkate jikoni. Nilipofungua pazia nikakuta nje kumekuwa rangi ya chungwa kama magharibi, na adhuhuri bado.

Haukupita muda mlango ukagongwa kwa ngumi: tokeni, tokeni sasa hivi. Nikavaa kandambili, nikachukua simu, nikatoka. Pasipoti yenye viza ya masomo ikabaki kwenye droo. Kompyuta yenye sura tatu za tasnifu ikabaki mezani. Jirani yangu ana pumu. Dawa yake ya kupuliza ilibaki kando ya kitanda, na moshi ndiyo kwanza unazidi. Kila mmoja aliamini atarudi jioni. Wanafunzi wapatao 4,000 tulihamishwa siku ile, wengine tukalazwa hotelini, na ilichukua siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda vyuo vilivyo karibu na milima na misitu, kitu cha kwanza ni kuujua moto wenyewe. Wengi hudhani unatambaa kama mstari, kwamba utauona kwa mbali na utapata muda wa kufunga begi. Ule ulianzia mlimani karibu na Rhodes Memorial, jengo la kumbukumbu lililo juu ya chuo, kisha upepo ukarusha makaa mbele. Makaa yakatua kwenye mitende ya chuoni, yakavuka barabara kuu, yakachoma kinu cha upepo kilichojengwa mwaka 1796. Chumba cha kusomea cha Jagger, katika maktaba yetu, kiliteketea huku majengo mengi ya jirani yamesimama. Kwa hiyo usiseme bweni letu liko chini, moto uko juu kule.

Mkoba wangu siku hizi unaning'inia nyuma ya mlango. Ndani kuna pasipoti na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, dawa za wiki moja, miwani ya akiba, chaja, fedha taslimu kidogo, nguo za siku mbili, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono, maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mama yake. Picha za hati zote nimejitumia kwa barua pepe. Kama una pumu, dawa ya pili ikae kwenye mkoba, si ile moja unayoihamisha kila siku. Usiku ule jirani yangu alihangaikiwa na watu wasiomjua hadi dawa ikapatikana. Sitaki ujaribu bahati hiyo.

Moshi nao tuliudharau. Ulikuwa wakati wa Uviko, kila mtu ana barakoa ya kitambaa, tukaona inatosha. Kitambaa hakizuii zile chembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Inayosaidia ni barakoa aina ya N95 iliyobana uso vizuri. Weka mbili mkobani.

Halafu kuna hili ambalo sikuambiwa na mtu. Chuo kilisitisha masomo, nikatulia, nikidhani tarehe zote zimesogea. Za chuo zilisogea. Lakini mfadhili wangu alikuwa nchi nyingine, hakuwa na habari yoyote. Ripoti yangu ikachelewa na posho ya mwezi ikasimama. Andika siku ileile, hata kwa mistari mitatu: kuna moto, nimehamishwa, sina kompyuta, nitawasiliana tena siku fulani. Mwandikie msimamizi wako, mfadhili, na mwenye nyumba kama umepanga nje. Na nyumbani piga kabla video hazijawafikia. Mama yangu, Tanga, aliona maktaba inawaka kwenye WhatsApp kabla sijampigia, na lile nusu saa la simu yangu kutopatikana analikumbuka mpaka leo.

Jioni ya siku ile magharibi ilinikuta hotelini nikiwa na kandambili zangu. Mtu nisiyemjua akanipa tende tatu na chupa ya maji. Nilifuturu nikilia.

Chumba changu nilikikuta salama, kompyuta iko palepale. Maktaba ndiyo ilituumiza. Sehemu kubwa ya machapisho ya mkusanyiko wa Masomo ya Afrika iliungua, na ghala la chini, ambalo moto haukulifikia, liliingiwa na maji ya kuzimia moto. Nilijitolea kuokoa vilivyobaki. Tulipanga foleni, tukapokezana kreti mkono kwa mkono kutoka gizani: mafaili yaliyolowa, mazito kama mtoto aliyelala, yananuka kama zulia bichi. Rafiki yangu wa uzamivu alikuwa amejenga sura nzima juu ya vijitabu alivyovisoma mle bila kuvipiga picha. Alibadilisha mada.

Kwa hiyo, ukifanya utafiti kwenye nyaraka, piga picha kila ukurasa unaoruhusiwa, pamoja na jalada na namba yake ya rafu, siku hiyohiyo, na uhifadhi mahali pawili mbalimbali. Usijiambie utarudi Jumatatu.

Sasa ninaishi Morogoro. Kiangazi kikikolea, usiku tunaona michirizi ya moto ubavuni mwa Uluguru, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko pale chini. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka kwa siku kadhaa. Chuo cha Mweka, kile cha usimamizi wa wanyamapori, kiko kwenye miteremko ya mlima huohuo. Kwa hiyo wiki hii nenda kwa mlezi wa bweni lako, umwulize kwa adabu: tukitolewa usiku, tunakusanyika wapi, nani ana orodha ya majina yetu, na wale wenye pumu au wasioweza kutembea anawatoa nani? Akikosa jibu, rudi kesho na wenzako watano.